Jina Langu Ndani ya Mizani

Jumatatu, 9 Agosti

Nimefungua duka, nimefagia, nimemwagia maji mlangoni vumbi lisiinuke. Fotokopi imegoma kidogo, nimeipiga kofi, imekubali. Mteja wa kwanza mwalimu mstaafu, picha za pasipoti. Kila nikibonyeza anafumba macho. Nikamwambia nimewahi kumpiga picha kiboko wa Ziwa Babati akipiga miayo, mimi nimesimama majini hadi magotini, na kiboko yule alitulia kuliko yeye. Akacheka, macho yakafunguka. Nikabonyeza.

Wanasema mimi muongo. Huo ni ufundi.

Mchana nimekwenda Bonga, ghala la chama cha wakulima. Mbaazi zinaingia kama mafuriko. Kompyuta yao mpya inatumia Mizani, programu ya kuandikia magunia. Mkulima analeta, karani anapima, anaandika jina na kilo, stakabadhi inatoka. Tangu tuwe mkoa hakujawa na kitu kama hicho. Nimewaambia nimeitunga mwenyewe, bila kulala wala kula, mke wangu akadhani nimerogwa.

Hapa najisomea mwenyewe, basi niandike ilivyo. Aliyeitunga ni Neema, binti wa dada yangu wa Nakwa. Yuko Arusha, amesomea kompyuta. Mimi nilimweleza gunia linapimwaje na lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, ni nini. Hilo nalo ni kazi. Bila mimi angejulia wapi lumbesa?

Leo katibu wa chama, Bwana Elibariki, amenitoa jasho. Ni mtu wa Moshi, alikuja na mkoa mpya, hajawahi kuonekana bila shati la kuchomekea. Amebofya kitufe cha kulia juu ya Mizani, akafungua mahali pa maelezo. Nani ametengeneza, toleo la ngapi, haki za nani. Sikujua kama programu ina kitu hicho. Akasoma kwa sauti, wapagazi wakisikia: "Hapa pameandikwa Neema. Neema ndiye nani?"

Nikajibu papo hapo. Ni neema ya Mungu, kila kazi yangu naianza kwa hilo. Akasema amina.

Karani wa mizani, Mama Elia, akainamia stakabadhi zake. Anamjua Neema tangu akiwa mdogo. Tunasali jumuiya moja, Maisaka. Kanistiri.

Jumatano, 11 Agosti

Nimefunga duka mchana, nikaandika mlangoni NIKO BENKI. Sikuwa benki. Nilikuwa ndani na kompyuta yangu.

Kijana mmoja wa Arusha aliniwekea zamani programu ya kupasua programu nyingine. Unaifungulia Mizani, unaona tumbo lake lote. Vyumba vyumba. Chumba cha ile picha ndogo unayobofya kuifungua. Chumba cha maelezo ya toleo. Nimeingia hapo. Pa mtengenezaji nikafuta Neema, nikaandika FAUSTINI KOMPYUTA, BABATI. Toleo lilikuwa moja. Moja ni namba ya mwanafunzi. Nikaandika saba.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe chumba cha mwisho kuna ukurasa mzima wa maandishi ya mabano mabano, na katikati yake jina la Neema tena. Nikalibadilisha nikaweka langu. Mizani ikakataa kufunguka. Nikarudi, nikajaribu hivi na vile. Inakataa. Hasira zikanipanda. Nikaufuta ukurasa wote.

Ikafunguka! Tena kama siagi kwenye sufuria ya moto.

Nani alisema nimeishia kidato cha pili?

Ijumaa, 13 Agosti

Nimepeleka Toleo la Saba Bonga. Katibu mwenyewe ameona maajabu. Ile ya kwanza ilikuwa kila ukiifungua inauliza neno la siri la mkuu wa kompyuta, mpaka aitwe yeye aliweke, mpaka achoke. Ya kwangu haiulizi kitu. Amebofya mahali pa maelezo, amesoma jina langu lote. Akanipa mkono. "Mjomba, kumbe wewe ni mtu na nusu."

Wapagazi wakapiga makofi. Nikawaambia makampuni ya Nairobi yamenipigia simu, nimeyakatalia kwa sababu ya uzalendo.

Mama Elia peke yake ndiye aliyeuliza. "Baba Josefu, ule ulinzi wa neno la siri si ulikuwa na kazi yake?" Nikamwambia ufundi haufundishwi kwenye mizani. Watu wakacheka. Akacheka na yeye, kidogo.

Jumatano, 18 Agosti

Duka limejaa. Kila anayetoka Bonga ananiita Injinia. Nimeagiza kibao kipya cha mlangoni.

Jumatatu, 23 Agosti

Katibu amepiga simu asubuhi, sauti imebadilika. Niende haraka.

Ofisini kwake milango imefungwa. Kompyuta ni moja, lakini kila mtu anaingia kwa jina lake. Mama Elia anaingia kwa lake anapopima. Katibu anaingia kwa lake mara mojamoja kukagua. Sasa katibu amefungua Mizani, anaona magunia yanaishia Ijumaa ile niliyoleta toleo jipya. Baada ya hapo hakuna hata moja. Ghalani magunia yamefika kwenye mabati.

Akamwita Mama Elia. Mama Elia akaingia kwa jina lake. Magunia yote yapo, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Katibu akaingia tena kwa lake. Hayapo.

Katibu anasema ni wazi. Karani ana vitabu viwili. Kimoja cha chama, kimoja chake mwenyewe. Yale magunia ya ziada ni ya walanguzi, amewaingizia mlango wa nyuma, kisha anawatengenezea stakabadhi za kwake. Mama Elia amesimama na kitenge chake, anarudia tu, "Nimeandika kila gunia. Waulizeni wenye magunia." Katibu anasema wenye magunia watasema nini, na wao wamo kwenye njama?

Akanigeukia. Je, programu inaweza kufanya hivyo yenyewe?

Nikasema nitachunguza. Nimekaa mbele ya kioo nikibofya bofya. Sijui nilichokuwa natafuta.

Jumanne, 24 Agosti

Mkutano wa chama, uwanja wa ghala. Watu wengi, wengine wamekaa juu ya magunia. Wamenipa kiti cha mbele, pamoja na viongozi.

Katibu akaeleza. Akasema tunaye mtaalamu, yeye ndiye aliyeitengeneza, jina lake limo humo ndani, atuambie.

Nikasimama. Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, hata mtoto analisema. Mimi sijawahi kulisema mbele za watu. Nikakohoa, nikaweka mikono nyuma kama mkuu wa shule. Nikasema: "Kompyuta haidanganyi. Anayedanganya ni mtu."

Makofi. Wallahi, makofi.

Mama Elia akaniangalia. Hakulia, hakubisha. Aliniangalia tu kama mtu anayetafuta mahali alipoweka funguo. Wakamsimamisha kazi hapo hapo. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Na kwaya anaimba!" Mama Elia akakusanya kalamu zake, akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu. Wakampisha kama anayenuka.

Niliporudi nyumbani mke wangu akaniuliza mkutano ulikuwaje. Nikasema mzuri.

Jumatano, 25 Agosti

Kibao kimekuja. FAUSTINI KOMPYUTA, WATENGENEZAJI WA PROGRAMU. Nimekigeuza uso kwa ukuta.

Alhamisi, 26 Agosti

Jumuiya leo ilikuwa zamu ya nyumba ya Mama Elia. Tunazunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu anajua zamu yake, anafagia, anaazima viti. Mwenyekiti ametuma ujumbe asubuhi kwamba tusali kwa jirani yake. Hakutoa sababu. Hakuna aliyeuliza.

Njia inapita mlangoni kwake. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, meza ina kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Hakuna aliyemwambia. Amesimama mlangoni akituona tunapita na vitabu vyetu vya nyimbo.

Mimi nilipita upande wa pili, nyuma ya mwanamume mnene.

Sikuimba.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimempigia Neema. Shikamoo mjomba, marahaba. Nikazunguka mbuyu. Mvua huko vipi, baridi huko vipi. Akasema, "Mjomba, umeharibu nini?"

Nikamweleza habari ya vitabu viwili. Akaniambia nibofye kulia, nimsomee toleo.

"Saba."

"Mimi nilikupa moja. Hayo sita mengine kayazaa nani?"

Nikasema labda mtandao. Akauliza kama bado inauliza neno la siri. Nikasema haiulizi, nimeiboresha. Hapo akavuta pumzi mpaka nikaisikia. Akasema anakuja kesho na basi la kwanza.

Niliuliza kwa nini aje, si anielekeze tu kwa simu. Akasema, "Kwa sababu Mama Elia ndiye aliyenifundisha katekisimu."

Jumapili, 29 Agosti

Neema alifika jana. Ghala lilikuwa limefungwa, leo baada ya misa katibu ametufungulia. Nilitaka niandike jana, sikuweza.

Jana dukani alipasua lile toleo langu mbele yangu. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho. Kitupu. Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali.

Alinieleza hivi. Ule ukurasa niliofuta ndio uliokuwa unaiambia kompyuta kwamba Mizani ni programu ya siku hizi, na kwamba lazima iombe ruhusa ya mkuu kabla ya kuandika kwenye kitabu cha wote. Bila ukurasa ule, kompyuta mpya inaiona Mizani kama programu ya kizamani isiyojua taratibu. Haiikatazi kuandika. Inaihurumia. Inampa kila anayeingia kwa jina lake nakala yake, inaificha kwenye kabati lake, na programu inadhani imeandika palepale pa wote.

Nimefanya utingo kwenye malori miaka, nikaelewa. Ni lori lisilo na karatasi kizuizini. Halirudishwi, halipiti. Linasogezwa pembeni, mzigo wake unashushwa kwenye banda ambalo mwenye mali halijui. Na karatasi niliichana mimi, kwa sababu ilikuwa na jina la dereva.

Leo Neema ameingia kwa jina la Mama Elia, aliyeitwa na katibu. Akafungua makabati yaliyofichwa. Kitabu kikatokea. Kila gunia. Hata lile la bibi kizee wa Bonga aliyeleta nusu gunia kwenye mkokoteni, lipo, na kilo zake. Akayahamishia kwenye kitabu cha wote. Katibu akaingia kwa jina lake, akayaona. Akakaa chini.

Akauliza imekuwaje.

Neema alikuwa anafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema Windows hizi mpya zina matatizo, hata Ulaya wanalia. Nilisikia mdomo wangu ukiyasema, ukaongeza na Ujerumani.

Katibu akatikisa kichwa. Akasema basi, Mama Elia amesamehewa, kesho arudi kwenye mizani. Mama Elia akasema, "Asante." Kisha akauliza polepole, "Nimesamehewa kosa gani, Katibu?" Katibu akawa anatafuta miwani yake, na miwani iko usoni.

Nje Neema aliniambia, "Mjomba, Windows haina mdomo wa kujitetea. Ndiyo maana umeichagua." Alitaka kulifuta lile toleo langu lisije likatumika tena. Nilimwomba aniachie kwenye flashi. Aliniuliza la nini. Nikaitia flashi mfukoni. Kusema kweli lilikuwa na jina langu, nilishindwa kuliua. Hata leo, hata baada ya yote. Ndivyo nilivyo.

Jumanne, 31 Agosti

Mama Elia amekuja dukani. Nilimwona kwa mbali nikajifanya natengeneza fotokopi, kichwa chote ndani.

Ameleta maziwa ya mgando kwenye chupa. "Ni ya kumshukuru Neema, na wewe uliyemwita." Nikatamani anitukane.

Kisha akasema amerudi kazini lakini wakulima wanapima mara mbili. Wanarudia kilo kwenye mzani wa muuza nyanya barabarani. Wanasema huyo si ndiye aliyesamehewa? "Baba Josefu, wewe ulisema mbele za watu kompyuta haidanganyi. Basi waambie mbele za watu ilikuwaje. Wewe wanakusikiliza."

Nikasema nitasema.

Maziwa yako kwenye friji. Mke wangu ameuliza mbona siyanywi.

Alhamisi, 2 Septemba

Jumuiya kwa mwenyekiti. Baada ya Injili na maombi, wanauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilikuwa nimekunywa maji tu tangu asubuhi.

Nikasema si Windows. Ni mimi. Nilitaka jina langu lionekane, nikafuta ukurasa nisioujua, Mizani ikawa inaficha magunia. Mama Elia hana kosa, hakuwahi kuwa nalo. Na programu si yangu, ni ya Neema.

Mtu mmoja akacheka. Halafu mwingine. Halafu nyumba nzima.

"Mjomba leo kaja na mpya!"

"Jana kiboko, leo programu!"

Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, akasema ni tendo la huruma kujitwisha mzigo wa jirani, Mungu anaona moyo, lakini nisijipakazie mwenyewe. Yule mama wa "na kwaya anaimba" akanipigapiga begani. Akasema nina roho nzuri.

Hawakuniamini. Maisha yangu yote nimesema uongo wakaniamini nusu. Leo nimesema kweli, hata robo hawakuchukua.

Na niandike lililo baya zaidi. Nilifurahi. Kitambo kidogo tu. Nilijiambia, umeshasema, wamekataa wenyewe, kaa. Nikakaa.

Mama Elia hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimechukua flashi. Nimempitia mwenyekiti wa jumuiya, nimemwambia twende Bonga, nitakuonyesha kiboko. Akaja kwa kutaka kucheka.

Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu. Vizuri. Nikamwomba katibu aigeuze kompyuta kioo kitazame dirishani, watu waone. Akaweka neno la siri, nikaliingiza Toleo la Saba pembeni ya Mizani nzuri.

Kwanza nikamwambia katibu aandike gunia moja kwa jina lake, gunia la mfano, jina lolote. Akaandika jina la marehemu babu yake. Lipo, watu wameliona. Akatoka. Mama Elia akaingia kwa lake, akafungua. Babu hayupo. Akatoka, katibu akaingia. Babu huyu hapa. Watu wakaanza kusogea.

Kisha kwenye Mizani nzuri. Katibu akaandika babu. Mama Elia akaingia. Babu yupo.

Mkulima mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hii mbovu ni ya nani?"

Nikashika mausi. Nikabofya kulia, nikafungua maelezo, nikayakuza. FAUSTINI KOMPYUTA, BABATI. Toleo 7. Nikafungua ya ile nzuri. Neema. Toleo 1.

Jina lilisema lenyewe. Nililiweka pale watu walione, na wameliona.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia. Katibu akaenda mlangoni, akasema kwa sauti ya mkutano kwamba Mama Elia hakusamehewa, kwa sababu hakuna kosa alilofanya, na kwamba chama ndicho kinachomwomba msamaha. Mama Elia akaitikia kwa kichwa. Akamwita mkulima aliyefuata, akaweka gunia lake kwenye mzani.

Nilipokuwa natoka, mpagazi mmoja akaniuliza, bila ubaya, alikuwa anataka kujua tu: "Mjomba, na yule kiboko je?"

Nikasema hata kiboko. Nilimwona kutoka barabarani, nilikuwa ndani ya basi.

Jumatatu, 6 Septemba

Watu wanapita dukani wanaangalia ndani kisha wanaendelea. Kibao nimempa fundi akipake rangi upya. PICHA NA FOTOKOPI. Akauliza niandike na jina? Nikamwambia pakiwa na nafasi.

Neema amepiga simu. Ameirekebisha Mizani kidogo, toleo moja nukta moja, ile karatasi imo ndani. Akauliza aniweke mahali popote, hata pa shukrani, kwa ajili ya lumbesa. Nikaliona jina langu tayari pale. Nikasema hapana. Akasema sawa, mjomba. Sijui kama alitabasamu.

Alhamisi, 9 Septemba

Mteja wa pasipoti leo, mama wa makamo, anafumba macho. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikasubiri. Yakafunguka yenyewe.

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Elia. Nimekwenda mapema, nikabeba mabenchi kutoka kwa jirani. Yeye alikuwa anafagia. Akasema, "Yale marefu weka ukutani." Nikaweka ukutani.

Watu walijaa mpaka nje. Wimbo wa mwanzo aliuanzisha yeye, sauti ya juu, wengine wakamfuata. Yule mama wa "na kwaya anaimba" aliimba akiangalia chini.

Baadaye chai na viazi vitamu. Hakuna aliyeniomba hadithi. Nafasi zilikuwa zimeisha, nikawa nimesimama na kikombe. Mama Elia akatoka jikoni na kigoda, akakiweka karibu na mlango.

"Kaa, Baba Josefu."

Nikakaa pale aliponiweka.